Shamba na Nyumba: Mahindi ya Sadaka

 

Mvua imekata. Huku kwetu Dodoma mawingu yamekwenda zake, asubuhi kuna baridi ya kujifunika shuka, na upepo umeanza kupita katika majani makavu ya mahindi, hata mtu aendaye njiani husikia shamba lote likinong'ona. Ndugu zetu wa pwani bado wana masika juu yao, na mavuno yao yatakuja nyuma ya yetu. Bali maneno haya yatawafaa hata wao, na pengine zaidi, maana wao huvuna na unyevu ungali hewani.

Tulikuwa tumekusudia kunena mwezi huu juu ya bustani za mboga kando ya visima. Tuliahidi hivyo, na mwalimu mmoja amekwisha kutuandikia akiuliza habari ya mbegu za mchicha. Atuwie radhi. Mboga zaweza kungoja mwezi mmoja, lakini mahindi hayangoji, nasi tuna jambo la mwaka jana ambalo tumelinyamazia kwa muda mrefu kupita inavyofaa. Mwenyewe ametupa ruhusa kulisimulia, mradi tusimtaje jina.

Siku ya sikukuu ya mavuno watu wetu walileta matoleo yao kanisani kama desturi. Palikuwa na mtama, uwele, karanga, maboga, kuku wawili waliofungwa miguu, na mayai katika kikapu. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye heshima, akaleta magunia mawili ya mahindi yaliyochukuliwa kwa baiskeli mpaka mlangoni, na akina mama wakapiga vigelegele. Ibada ilipokwisha, wazee wakaketi chini ya mti ili kugawanya, sehemu iuzwe kwa kazi ya kanisa, na sehemu wapewe wajane na yatima. Gunia la kwanza lilipofunguliwa, harufu ikatuambia habari yake kabla ya macho. Mahindi ya juu yalikuwa meupe. Lakini mkono ulipoingia katikati ulitoka na punje zilizoshikamana, nyingine rangi ya kijani, nyingine nyeusi, na vumbi lililoruka likatukoholesha sote.

Hapo pakawa na maneno. Mmoja akasema, "Yaoshwe kwa maji ya majivu, yaanikwe, yatwangwe. Sisi tumekula hivyo tangu utoto, na hatukufa." Mwingine akasema yauzwe kwa wapika pombe, wao hawachagui, wenzake wakamcheka, lakini wengine hawakucheka, walikuwa wakihesabu fedha. Wa tatu akasema kwa sauti ya chini kwamba wapewe wajane, kwa kuwa mwenye njaa haulizi rangi ya punje. Kisha wote wakatutazama sisi.

Ni haki tuungame jambo moja. Kama tungaliulizwa kabla ya mwaka 2016, tungalijibu sawasawa na mzee yule wa kwanza. Nyumbani mwetu wenyewe mahindi mabovu yalitengwa, ndiyo kweli, lakini yalitengwa kwa ajili ya kuku, na kwa ajili ya chungu cha siku zile za mwisho, ghala linapobaki vumbi na mavuno mapya bado. Tena tulimsifu mama wa nyumba yetu kwa kuwa hatupi kitu.

Mwaka ule wa 2016 ukatokea ugonjwa katika mikoa ya Dodoma na Manyara ambao watu hawakuutambua upesi. Mtu alishikwa na maumivu ya tumbo na kutapika, macho yakawa manjano, tumbo likavimba, na wengine hawakuona mwisho wa juma. Walioandikwa kuwa wameugua ni watu 68, na 20 katika hao walikufa. Waganga walipochunguza, wakaona chanzo chake ni mahindi waliyokuwa wakila, nayo yalikuwa na sumu itokayo katika kuvu, ambayo kwa Kiswahili sasa yaitwa sumukuvu. Majirani zetu wa Kenya walikuwa wameyaona hayo kabla yetu, tena kwa ukali zaidi. Mwaka 2004, hasa katika nchi ya Makueni na Kitui, waliugua watu 317, wakafa 125. Na wataalamu walipozunguka nyumba kwa nyumba huko waliona jambo ambalo kila mkulima alitie moyoni: nyumba zilizoumia zaidi ni zile ambazo mahindi yalivunwa mabichi na kulazwa ndani, pamoja na watu, kwa kuogopa wezi.

Sumu hii haikujulikana zamani za babu zetu, si kwa kuwa haikuwako, bali kwa kuwa hakuna aliyejua jina lake. Ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa huko Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na kuvu. Basi mtu akikuambia, "Wazee wetu walikula, hawakufa," umjibu kwa upole kwamba hatujui wangapi walikufa. Hakuna aliyewahesabu.

Na hapa twataka kusema neno ambalo si la shamba. Mnajua jinsi mambo yalivyo vijijini mwetu. Nyumba moja wakiugua watatu kwa juma moja, na wawili wakafa, na jirani yao wa karibu hana hata homa, watu hawaulizi habari ya ghala. Huanza kunong'ona jina la bibi fulani, mzee, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, asiye na mtoto wa kumtetea. Wakristo nao hunong'ona, tusijidanganye; tumewasikia kwa masikio yetu, tena watu walioshiriki Jumapili. Ugonjwa huu wa sumukuvu umeumbwa kana kwamba ni wa kuwadanganya watu kwa njia hiyo, kwa maana hufuata chungu. Walao chungu kimoja huugua pamoja, na wa nyumba ya pili hupona. Mwalimu asikiapo habari ya nyumba iliyoshikwa hivyo, kazi yake ya kwanza ni kuwapeleka wagonjwa hospitali siku ile ile, na ya pili ni kwenda kutia mkono katika gunia la mahindi. Amwambie na mganga wa hospitali kile alichokiona.

Basi kuvu hii ni kitu gani? Makao yake ni udongoni na katika mabaki ya shamba la mwaka jana, na vumbi lake huchukuliwa na upepo. Hupenda joto na unyevu. Lakini msidhani huanza ghalani tu. Mahindi yakikosa mvua wakati wa kubeba, na jua likayachoma, au wadudu wakayatoboa, kuvu huingia tangu hapo, yakiwa yangali yamesimama shambani. Ndiyo sababu nchi kavu kama yetu huumia. Twaona wazee wetu walikuwa na akili walipopanda uwele na mtama, maana huvumilia jua kuliko mahindi, nasi kila mwaka twazidi kushangaa jinsi vijana wanavyoona haya kula ugali wa uwele. Lakini hayo tumeyasema mara nyingi katika karatasi hii, wala hatukusikilizwa.

Sumu yenyewe haina rangi, wala harufu, wala ladha. Uonacho ni kuvu, na kuvu ni kama moshi, hukuonya kwamba pana moto. Lakini moto waweza kuwako na moshi usionekane. Kupika hakuiondoi. Moto wa chungu haufiki ukali wa kuiharibu, wala kukaanga hakuimalizi, wala kuifanya pombe, na majivu hayaishindi. Mwili ukiipata nyingi kwa mara moja, ini huharibika na mtu aweza kufa. Ukiipata kidogo kidogo kwa miaka mingi, huleta saratani ya ini, hasa kwa wenye homa ya ini ya virusi. Hata maziwa huipokea: ng'ombe akila pumba zenye kuvu, sumu hupita katika maziwa yake, na vivyo hivyo kwa mama anyonyeshaye.

Sasa tuje kwenye kazi.

Hindi likiisha komaa, usilingoje lianguke. Chukua punje moja, uing'oe katika gunzi, utazame mahali iliposhika. Ukiona alama nyeusi, hindi limekwisha kula chakula chake chote, na kukaa kwake shambani tangu hapo ni kukauka tu, na kukauka huko ni afadhali kufanyike nyumbani, mbali na mchwa na panya na mbuzi wa jirani. Siku ya kuvuna usiyatupe chini kuwa lundo. Lundo la mahindi lililolala usiku mmoja juu ya udongo hupata joto ndani yake. Tia mkono utasikia. Yatupwe juu ya jamvi au turubai, na yale yaliyooza ncha au kutobolewa na wadudu yatengwe hapo hapo shambani, yasifike nyumbani hata kidogo.

Kuanika kuwe juu ya kichanja, kimo cha kiuno cha mtu, au juu ya turubai, au sakafu ya saruji iliyofagiwa. Yasianikwe juu ya ardhi tupu. Tunaona watu wakianika kando ya barabara, nao husema jua ni lile lile. Jua ni lile lile, lakini udongo una kuvu, na usiku udongo hutoa unyevu. Yageuzwe mara kadha wa kadha mchana, na jioni yafunikwe kabla ya umande. Kazi hii ni ya watoto na bibi zao, lakini baba naye hatavunjika mgongo akiinama.

Katika kupukuchua, jihadharini na fimbo. Desturi ya kutia mahindi katika gunia na kuyapiga ni ya haraka, lakini huvunja punje, na punje iliyovunjika ni mlango wazi kwa kuvu na kwa wadudu. Mikono ni polepole, lakini mikono ya watu wanne waliokaa jioni wakiongea humaliza gunia bila kujua. Mahali penye mashine ya kupukuchua, itumike, na punje zilizovunjika zipetwe zitoke.

Watu hutuuliza, tutajuaje ya kuwa yamekauka? Wengi huuma kwa jino na kusikiliza mlio. Njia hiyo si mbaya, lakini jino la mtu mwenye haraka husema uongo. Iko njia nyingine ya chumvi, nayo twawasihi waalimu waifundishe hata darasani, maana watoto huipenda. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Kaanga chumvi kidogo, au ianike juani mpaka iwe kavu, kisha uiache ipoe. Tia mahindi katika chupa kiasi cha theluthi, tia na vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha weka chini uingoje dakika 15. Chumvi ikishika pembeni mwa kioo, mahindi bado ni mabichi, yarudi juani. Chumvi isiposhika, unyevu umeshuka chini ya sehemu 15 katika 100. Hata hapo usiyafunge mara hiyo. Yape jua la siku moja au mbili zaidi, kwa kuwa kipimo cha kukaa salama ni 13.

Ghala lifagiwe, na mahindi ya zamani yasichanganywe na mapya. Magunia ya mwaka jana yachemshwe na kuanikwa. Mahindi yasilale chini wala yasiegemee ukuta: weka magogo na fito, upate chaga ya kuinua magunia kiasi cha shubiri mbili, upepo upite chini. Paa litazamwe sasa, wakati wa jua, si wakati matone yameanza.

Juu ya wadudu tutasema machache, maana dumuzi amekwisha jifundisha kwa ukali wake. Huyu si mzaliwa wa huku. Kwao ni Amerika ya Kati, naye katika Afrika alijulikana kwanza Tabora karibu na mwaka 1980. Watu wakamwita Skania. Hupenda mahindi yangali katika magunzi kuliko yaliyopukuchuliwa, kwa hiyo kupukuchua mapema ni nusu ya vita. Dawa ya unga ya maghalani ina dawa mbili ndani yake, moja kwa dumuzi na moja kwa fukusi, kwa kuwa ile imwuayo huyu haimwui yule vizuri. Basi inunuliwe iliyo halali, isomwe karatasi yake, na siku za kungoja kabla ya kula zihesabiwe. Asitie mtu dawa ya pamba katika mahindi ya watoto wake. Twajua wako wafanyao hivyo.

Iko na mifuko mipya yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Ikifungwa vema, hewa haipiti, na wadudu hufa ndani bila dawa yo yote. Bei yake yazidi ya kiroba cha kawaida, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja ikiwa panya hakuitoboa. Tumeijaribu, twaisifu. Ila ni kwa mahindi makavu tu! Mwenye kufunga mahindi mabichi katika mfuko usiopitisha hewa ameyatengenezea maozo yake. Tena wataalamu wa kilimo wana kuvu nyingine, jamaa ya ile yenye sumu lakini yenyewe haina, ambayo humwagwa shambani kabla mahindi hayajachanua ili ishike mahali na kumzuia mwenziwe. Kwa mwaka huu wakati wake umepita. Mwulizeni bwana shamba mapema kabla ya msimu ujao.

Karanga nazo zina habari yake, na hii twawaambia akina mama hasa. Mnapomenya karanga, mwazinyunyizia maji ili ganda lilainike na vidole visiumie. Twajua vidole huuma. Lakini maji yale ndiyo yanayoziamsha kuvu, na karanga hushikwa na sumu hii kuliko nafaka karibu zote. Zimenywe kavu, na zile zilizosinyaa, au zenye madoa, au zilizobadilika rangi, zisitiwe kinuni. Jambo hili latuhuzunisha zaidi kwa sababu ya uji wa watoto. Mama aliyefundishwa vema kiliniki huchanganya mahindi na karanga ili mtoto apate nguvu, naye afanya vizuri. Lakini akichukua zile zilizobaki chini ya kapu, zisizouzika, humpa mtoto wake sumu kwa upendo wote.

Na yaliyokwisha kuharibika yafanyweje? Ikiwa ni punje chache katika mahindi mema, zichaguliwe kwa mkono juu ya ungo, mchana, mahali penye mwanga. Sumu kwa kawaida hujikusanya katika punje chache, kwa hiyo uchaguzi huu huondoa sehemu kubwa, ijapokuwa si yote. Kukoboa nako hupunguza, maana nyingi iko katika ganda na kiini. Lakini pumba zake basi ndizo mbaya, asipewe ng'ombe wala kuku. Ikiwa gunia lote limeshikamana na kunuka, hapana uchaguzi hapo. Lifukiwe. Twalisema hili tukijua uzito wake. Debe moja la mahindi ni siku nyingi za jembe, na mtu hafukii jasho lake kwa furaha.

Waalimu wanaopokea mahindi ya wazazi kwa chakula cha shule wayatazame debe kwa debe mlangoni, kabla ya kumiminwa stoo. Debe moja bovu likiisha kumwagwa juu ya kumi mema, hakuna awezaye kulitoa tena. Ni vigumu kumrudisha mzazi maskini mbele ya wenziwe, kwa hiyo mwalimu mwenye busara huyapokea yote ndani ya chumba, mmoja mmoja.

Twarudi kwa magunia yale mawili. Tuliwaambia wazee yasigawanywe wala yasiuzwe, na jioni tukamwendea mwenyewe, sisi na mzee mmoja. Hatufichi, tulikwenda tumekasirika. Njiani tulikuwa tumepanga maneno, na habari za nabii Malaki na wanyama vilema walioletwa madhabahuni zilikuwa tayari kinywani mwetu. Tukapiga hodi, tukakaribishwa kwa furaha, tukaletewa maji ya kunawa, na ugali ukawekwa mbele yetu. Watoto watano walikuwa wakila katika sahani yao kando ya mlango. Tonge la kwanza likatufikia puani kabla ya kinywani, likiwa na harufu ile ile ya chini ya mti.

Kukataa chakula cha mwenyeji, kwetu, ni kama kumpiga kofi. Tulishika tonge lile mkononi muda mrefu. Kisha tukaliweka chini, tukamwomba baba wa nyumba awaambie watoto waache kula, na yale maneno ya Malaki hatukuyasema kamwe.

Habari yake ilikuwa hivi. Wezi walikuwa wameingia shamba la jirani, naye akavuna yake upesi, mabichi, akayatia katika viroba na kuyapanga chumbani alalamo, chini, mpaka ukutani. Yalikuwa magunia tisa. Siku ya sikukuu aliyafungua yote, akachagua mawili yaliyo bora, akayaleta kwa Bwana. Saba yaliyobaki yalikuwa mabaya kuliko yale.

Kesho yake watoto walipelekwa hospitali kutazamwa, wakaonekana wazima, twamshukuru Mungu. Akina mama wa kanisa wakaja na nyungo zao. Magunia tisa ni madebe 54. Yaliyoonekana mema baada ya siku mbili za kuchagua ni madebe 11, na hata hayo hayakuliwa mpaka bwana shamba alipotuma kidogo yakapimwe. Mengine yote yalifukiwa katika shimo alilolichimba mwenyewe, wala hakutaka kusaidiwa. Mkewe alilia, yeye hakulia. Kilichomwuma zaidi ni siku ile tulipogawanya mtama na uwele wa sadaka, na jina lake likasomwa pamoja na majina ya wajane, yeye aliyezoea kuketi upande wa wanaogawa. Alipokea amesimama, akashukuru kwa neno moja, akaenda zake.

Kwa fedha ya sadaka ile kanisa limenunua turubai mbili. Zitaanza kuzunguka Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, kila nyumba siku tatu, wajane kwanza, kisha wenye watoto wadogo, kisha wengine kwa zamu zilizoandikwa mlangoni. Atakayeirudisha imechanika ataishona. Chupa ya chumvi iko kwa mzee yule. Ameomba mwenyewe kuitunza, na ameiweka dirishani ambako kila mtu aweza kuiona. Mwenye kutaka kupima aende kwake jioni yo yote ila Jumapili, achukue mahindi yake mwenyewe. Konzi mbili zatosha.